Mwanga Kupitia Almasi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilirudi nyumbani Karatu kumuuguza baba. Tukamzika, nikabaki na mama na bunda la karatasi. Karatasi zile zilikuwa vipimo kutoka chuo nilichokuwa nikisoma ng'ambo. Tulikuwa tumeibana chumvi fulani katikati ya ncha mbili za almasi, kwa mgandamizo wa kutisha, tukaimulika na kupima mwanga uliorudi. Kutokana na mwanga huo nilitakiwa kukokotoa namba mbili: mwanga unapunguza mwendo kiasi gani ndani ya chumvi ile, na unamezwa kiasi gani.

Nilikuwa nimejiwekea sharti, na mama nilimwambia. Namba zikikubali, narudi kumaliza shahada. Zikikataa, naomba kazi ya ualimu hapa hapa, nakaa naye. Jumapili iliyofuata alipiga magoti kanisani muda mrefu kuliko kawaida yake, na mpaka leo sijui aliombea lipi.

Zilikataa. Namba ya kumeza mwanga ilitoka hasi, maana yake chumvi yangu ilikuwa inazaa mwanga. Ingekuwa kweli, Karatu nzima ingeacha kupanga foleni ya mafuta ya taa. Betri za kikokotoo zikaniishia, madukani hakuna, nikahamia kwenye kitabu cha logi nilichokitumia sekondari. Hasi ikabaki hasi.

Kilichonichosha si hesabu, ni kukosa wa kumwambia. Jirani aliyesikia habari za almasi aliniuliza, "Sasa wewe bwana, hata kapande kamoja hukuja nako?" Nikacheka naye, nikarudi ndani. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw, na katika Kiiraqw changu nilikuwa na maneno ya ng'ombe, mahindi, mvua na msiba; ya kazi yangu sikuwa nayo. Magari ya watalii yalipita kwenda Ngorongoro yakituachia vumbi, na mara nyingine nilitamani mmoja wao ashuke, awe mwalimu wa fizikia. Ujinga mtupu, lakini nilikuwa mpweke kiasi hicho.

Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo, kazi ambayo mama hakupenda kuniona nikiifanya. Nikatumbukiza mkono kwenye karai la maji ya kusuuzia, natafuta bilauri, siioni. Imo, naigusa, lakini imefifia kabisa ndani ya maji. Nikaitoa, ikang'aa. Nikaizamisha tena, ikafifia. Bilauri ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali mwanga unakotokea kabla ya kuigusa, kwenye hewa au kwenye maji. Na mwanga wangu mimi haukuifikia chumvi kutoka kwenye hewa. Ulitokea ndani ya almasi! Muda wote ule nilikuwa nakokotoa kana kwamba almasi haipo.

Vyombo niliviacha humo humo. Kufikia alasiri namba ya kwanza ilikuwa imetoka chanya, na ya pili, na zilizofuata zikapanda kadiri mgandamizo ulivyozidi, inavyotakiwa kitu kinapoanza kuwa na tabia ya chuma. Nikasimama chumbani peke yangu nikapiga makofi, sauti yake ikanishtua mwenyewe. Kisha nikakumbuka sharti langu, na furaha yote ikaingia baridi.

Nilimkuta mama shambani akipalilia.

"Mama, zimekubali."

Hakuuliza zipi. Alilikwangua tope jembe lake kwa kidole gumba, polepole, upande huu na upande ule, kisha akataka kujua kama huko niendako kuna baridi kama ya kule juu kwenye ukingo wa kreta.

"Ni zaidi, mama."

"Basi chukua lile koti la baba yako. Mimi nitajifunika blanketi."

Sikuwa najua kwamba tangu msiba alikuwa akilala nalo.