Siku Nilipomcheka Nyanyake Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu alinikabidhi kifutio, chaki mbili na darasa la tano ambalo watoto walikaa wanne dawati moja. Shule ilikuwa Pumwani, upande wa Majengo. Aliniagiza nisimwache mtoto hata mmoja atoke pale akiwa na ushirikina kichwani. Nilikuwa msichana aliyetoka juzi tu chuo cha ualimu, nikamwamini. Ninyi walimu mnaoanza leo ndio ninaowaandikia, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tulikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, na maandalio ya somo, ambayo tuliyaandika kila siku na kumpelekea naibu wa mwalimu mkuu ayapige muhuri. Yangu hayakurudishwa hata mara moja. Nilijua kila ugonjwa, kisababishi chake na kinga yake. Watu wenyewe sikuwajua, na hakuna aliyeniuliza kuhusu watu.

Tulipofika kwenye ukambi, ambao wengine huuita surua, Zuhura aliinua mkono. Alikuwa mtoto hodari wa dawati la mbele, aliyelelewa na nyanyake, Bi Tatu, muuza mahamri. Alisema nyanyake anasema ukambi hauchomwi sindano: ukichomwa unarudi ndani na kuua, kwa hivyo mgonjwa hufungiwa chumbani mpaka vipele vitoke vyote. Kisha akauliza kwa adabu, "Madam, nani anasema uongo, ni wewe ama ni nyanya?"

"Nyanya yako," nikamjibu.

Halafu nikafanya jambo ambalo hata leo likinijia nasaga meno. Sisi walimu tuna makofi ya kilo, yale ya mpangilio ambayo darasa humpigia mtoto aliyejibu vizuri. Nikawaambia wampigie nyanyake Zuhura makofi ya kilo kwa uganga wake. Wakapiga, wakacheka mpaka wakatokwa na machozi. Zuhura akaketi.

Majuma machache baadaye ndugu yake mdogo, Swalehe, mtoto wa miaka minne, akashikwa na ukambi. Zuhura alikuja shuleni kila siku, akaketi mbele yangu, akanakili kazi ya ubaoni, asiseme neno. Angeniambia, mimi ndiye ambaye ningemkimbiza yule mtoto hospitali. Nilipata habari kwa jirani yao, na tulipomfikisha kwa daktari macho yalikuwa yameshaharibika. Daktari alisema angeletwa mapema huenda yangeokolewa.

Niliingia kwa Bi Tatu nikifoka. Alinisikiliza hadi nikaishiwa na maneno, kisha akanieleza kwamba kifungua mimba wake alichomwa sindano akiwa amejaa vipele, akamfia mapajani siku ile ile. Hakuna aliyemweleza kwa nini.

"Wewe ulisoma, mwanangu," akaniambia. "Mimi niliona."

Nilipotoka nilimkaripia Zuhura mlangoni kwa kuninyamazia.

"Ungewaambia wapige makofi tena," akasema.

Tangu hapo, kabla ya somo la ugonjwa wowote, niliwatuma watoto wakawaulize wazee wao waliona nini. Tuligawa ubao pande mbili: walichokiona, na sababu waliyoitoa. Upande wa kwanza tuliuheshimu, wa pili tukaupima. Niliwaambia nyanya si mwongo wala si mjinga. Alifiwa, akatafuta sababu, akaishika sindano kwa kuwa ndiyo aliyoiona mwisho, ilhali mtoto alikuwa hoi kabla ya kuchomwa. Watoto wa darasa la tano walielewa.

Waliokataa kuelewa ni wakubwa. Shauri Moyo, nilikohamishiwa, mwalimu mkuu aliniita ofisini. "Madam, maliza silabasi," akasema. "Hadithi za nyanya hazitahiniwi." Tassia, kituo changu cha mwisho, mkaguzi aliandika kwamba napoteza muda wa watoto, nami nikatia sahihi kwa hasira. Na ninyi pia mmeniudhi. Nimewasikia katika chumba cha walimu mkisomeana kwenye simu jumbe za wazazi wanaoogopa chanjo, mkishika mbavu kwa kicheko. Basi chekeni. Watoto wao wako dirishani wanasikiliza.

Siku ya kuagwa kwangu nilipostaafu, Zuhura alikuja akimwongoza Swalehe, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Nilimketisha Swalehe karibu nami nikamsimulia ule ubao wa pande mbili, na jinsi watoto wengi walivyofaidika kwa sababu ya yaliyompata. Nilidhani namfariji. Alimaliza soda yake taratibu.

"Nyanya aliniomba msamaha mpaka siku aliyofariki," akasema. "Wewe, Madam, bado."

Nilimwomba pale pale, mbele ya mwalimu mkuu na wageni wote. Aliupapasa mkono wa dada yake, wakaondoka, na mpaka leo hajanijibu.