Jibini Iliyovuka Elfu Moja

Kaka yangu Clifford Ogden hakuogopa mbwa, hakuogopa daktari wa meno, wala hakumwogopa mama yetu, ambaye sisi wengine tulimwogopa mpaka siku tulipomzika. Alichoogopa ni pauni ya elfu moja na moja.

Hapa kwetu Uingereza serikali inamwachia mtu kama yeye, mstaafu wa kipato cha kawaida, vijisamaha vitatu vya kodi. Pango lisipozidi pauni elfu moja kwa mwaka, hulilipii kodi. Riba ya benki nayo, elfu moja. Gawio la hisa, mia tano. Ukizidisha, unatozwa kwa kile kilichozidi tu. Hilo neno "tu" halikuwahi kuingia kichwani mwa Clifford. Alikuwa mkaguzi wa tiketi za basi mjini Colne kwa miaka thelathini na minane, na kwake abiria aliyepitiliza kituo kimoja alikuwa mwizi wa safari nzima. Basi aliamini kwamba ukivuka kwa pauni moja wanachukua zote, halafu anakuja mtu mlangoni na mkoba mweusi kukuuliza uliishi vipi tangu 1974.

Kila mwezi Machi alikwenda benki kutoa pesa na kuzificha kwenye kopo la biskuti, ili zisizae riba nyingi. Mwaka ule kampuni ya mabasi ilipopandisha gawio, wenye hisa wenzake walikwenda baa kusherehekea. Yeye alilala siku mbili, kaelekea ukutani, nikawa nampelekea supu.

Sasa, kando ya nyumba yake kuna banda la gari, na Clifford hana gari. Alilipangisha kwa Glenys Pugh, mjane kutoka Wales anayeuza jibini sokoni, mwanamke wa kicheko kikubwa na nywele zinazotengenezwa saluni kila Alhamisi. Aliweka humo meza zake, friji na mizani ya akiba. Pango lilikuwa pauni themanini na tatu kwa mwezi. Zidisha mwenyewe: mia tisa tisini na sita kwa mwaka. Siku ya kwanza Glenys alitoa noti za mia moja kamili.

"Bwana Ogden, wenzako mtaa huu wanachukua mia. Mbona unajipunja?"

"Themanini na tatu zinanitosha, mama."

"Basi hiyo chenji ninywee chai."

"Bi Glenys, unataka nifungwe jela?"

Glenys alicheka mpaka akashika ukuta. Alidhani anataniwa. Mimi nilimwambia Clifford pembeni kwamba angechukua mia, angelipa kodi ya pauni arobaini kwa mwaka na kubaki na mia moja sitini na nne zaidi mfukoni. Akanitazama kama mtu aliyemshika dada yake akisafiri bila tiketi.

Ijumaa ya kwanza akakuta jibini kizingitini, imefungwa kwa karatasi nyeupe, zile jibini za huku Lancashire zinazomomonyoka ukizigusa. Glenys alikuwa ameshagonga na kwenda zake. Mtu mwingine angekata mkate. Clifford aliiweka kwenye mizani ya jikoni, akavaa kofia, akaenda sokoni kuulizia bei kwa muuzaji mwingine kabisa, akarudi, akatia sarafu kwenye bahasha. Juu yake akaandika, "Jibini, gramu mia tatu, imelipiwa." Akaipenyeza chini ya mlango wa banda.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Pango ni mia tisa tisini na sita. Zimebaki pauni nne. Jibini hii ni nne na nusu. Amenilipa pango kwa jibini, Enid. Hayo ni mapato."

"Hiyo ni jibini, Clifford."

"Kisheria..."

"Mwanamke mzima, mwenye akili zake, amebeba jibini kutoka sokoni mpaka mlangoni kwako. Kisheria hiyo inaitwaje?"

"Inaitwa peni hamsini juu."

Ikawa hivyo miaka sita. Glenys hakukata tamaa upesi. Aliongeza vitunguu vya siki. Krismasi akaongeza keki ya matunda. Clifford alipima, aliulizia, alilipa. Mara moja tu nilimwona akila ile keki kwa raha, macho kayafumba, na makombo kayakusanya kwa kidole. Halafu akaniuliza kama nadhani zabibu kavu zimepanda bei.

Ijumaa moja ya Februari mwaka huu Glenys hakuacha kitu kizingitini. Alibisha hodi, akaingia, akaketi jikoni. Nilikuwepo. Alikuwa amepaka rangi ya midomo, na haikuwa siku ya saluni wala ya kanisa.

"Dada yangu ananiita Caernarfon, kwetu Wales," akasema. "Anataka tufungue duka pamoja. Sijamjibu."

Clifford akamimina chai.

"Nimesema nije nikuulize wewe kwanza, Clifford." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Kaka yangu alishika kikombe kwa mikono miwili. Masikio yalimwiva. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, nikamkanyaga tena. Akafungua mdomo, na nitakufa sijamsamehe kilichotoka.

"Notisi ni ya mwezi mmoja," akasema. "Lakini ukikaa mpaka tarehe tano Aprili itakuwa safi zaidi. Ndiyo mwisho wa mwaka wa kodi."

Glenys akasimama. "Itakuwa safi," akasema, akavaa koti lake, akanishika bega alipopita. Nampenda kaka yangu, na siku ile nilimchukia.

Tarehe tano Aprili lori dogo lilikuja likabeba meza, friji na mizani. Jioni Clifford alikuta mfuko kizingitini, mzito kiasi cha kuburuta. Ndani mlikuwa na bahasha zake zote, mia tatu na ushei, hata moja haijafunguliwa.

Badala ya kulia, aliingiwa na wasiwasi. Pauni zaidi ya elfu moja na mia nne! Zilikuwa mapato? Za mwaka gani? Zigawanywe kwa miaka sita? Aliwaandikia watu wa kodi barua ya kurasa nne, akieleza kila kipande kwa tarehe na uzito, vitunguu vikiwa na jedwali lao. Hakupata usingizi mpaka Mei, jibu lilipofika. Lilikuwa na mistari michache. Nilimsomea mimi. Walisema kwamba kwa jinsi alivyoeleza, yule mama hakuwa akilipa pango kwa jibini. Alikuwa akimpa zawadi, na zawadi kama hizo si mapato. Hakuwa na cha kutangaza. Wakamtakia siku njema.

Akaichukua barua akaisoma mwenyewe.

"Zawadi," akasema. "Enid, zilikuwa zawadi?"

"Miaka sita, kaka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila Ijumaa. Ulikuwa unapima."

Ijumaa iliyofuata nilimkuta amefungua mlango wa mbele, amesimama na soksi, anatazama kizingiti kitupu. Banda halijapata mpangaji. Mwaka huu wa kodi msamaha wake wa pango, ile elfu moja, uko mzima, haujaguswa hata peni.