Jagi la Uji na Breki ya Kukamua

Mimi si mtu wa kuchekacheka. Nimeuza uji wa wimbi hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi, miaka mingi, na wateja wangu wananijua. Unakuja, unataja kikombe kikubwa au kidogo, unakunywa, unaenda kazini. Mzaha peleka kwingine. Kwa hivyo anayesema alinisikia Jumamosi ile nikicheka barabarani, juu ya pikipiki, nimevaa suruali ya marehemu mume wangu, hasemi uongo. Lakini na mimi nisikilizwe ilivyokuwa.

Mjukuu wangu, msichana, nimemlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alipomaliza shule akakaa nyumbani akinioshea vikombe. Anaosha vizuri, sitamsingizia, ila kila pikipiki ikipita mikono yake ilikuwa inasimama ndani ya maji. Akajifunza kuendesha, akapata leseni, kazi hakuna. Ndipo mama mwenye duka la dawa karibu na kanisa letu akanunua pikipiki mpya ya kupelekea wagonjwa dawa nyumbani. Mjukuu wangu akaenda kuomba, na mimi nikafuata nyuma na uji wa yule mama, maana ni mteja wangu wa kila asubuhi.

"Chupa zangu ni za vioo," yule mama akamwambia. "Sitaki mtu wa kukanyaga breki kama anaua nyoka. Kaa na pikipiki wiki hii, uizoee. Jumamosi uniletee uji wangu nayo, ndani ya jagi, bila kifuniko. Ukifika jagi limejaa, kazi ni yako. Ukimwagika, wako wengine wanaoniomba."

"Na jagi nitalishika vipi nikiendesha?"

"Atalishika mwenye uji."

Mwenye uji ni mimi. Mimi niliyeapa mbele ya kwaya nzima ya akina mama kwamba pikipiki nitapandishwa siku nimezimia, sijui nabebwa na nani.

Mtoto aliniangalia tu na yale macho. Nikamwambia, "Usiniangalie hivyo. Nitafutie helmeti."

Jioni hiyo tukaenda kwenye uwanja wa kanisa. Jagi nililijaza maji, kwa sababu uji wangu sio wa kuchezea. Akina mama walikuwa ndani wakifanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili. Nikapanda. Nilipanda vile nilivyoona wanawake wakipanda, miguu yote upande mmoja.

"Kukhu, la," mjukuu wangu akasema. Ananiita Kukhu, kama tunavyoita nyanya huko kwetu magharibi. "Ukikaa hivyo nikifunga breki utaniachia pikipiki uende zako. Tanua miguu."

"Nitanue miguu mbele ya kanisa?"

Ndipo tuliporudi nyumbani, suruali ya babu yake ikatoka sandukuni, tukarejea uwanjani. Nikaivaa chini ya rinda, nikaikunja pindo, nikatanua miguu. Wimbo ulikatika katikati. Nikageuka nikaona mlango wa kanisa umejaa vichwa vya akina mama.

"Mama wa uji, unaenda wapi?"

"Kufanya kazi! Endeleeni kuimba!"

Tukaondoka. Ilikuwa sawa, kaupepo kazuri, mpaka alipofika mwisho wa uwanja akakanyaga breki. Pikipiki iliinama mbele kama mtu anayetafuta shilingi chini, na mimi nikagonga mgongo wake na helmeti, na maji yote ya jagi yakaingia ndani ya shati lake. Alipiga kelele ile ya mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mlangoni akina mama wakashikana mabega kwa kicheko.

"Nani alikufundisha kukanyaga hivyo?" nikamuuliza.

"Wale wa bodaboda pale steji. Walisema kanyaga ya mguu kwa nguvu, ya mkono usiiguse kabisa, itakurusha."

"Na pikipiki zao ni kama hii?"

Akashuka, akachuchumaa kando ya gurudumu, shati likichuruzika, akabonyeza ile ya mguu kwa mkono huku akichungulia mbele. "Hapana. Zao ni za zamani, ya mguu inashika nyuma peke yake. Hii breki zake zimeunganishwa, Kukhu. Ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo inashika kidogo. Ukiongeza ile ya mkono, ya mbele inashika zaidi."

"Kwa hivyo ukikanyaga kwa nguvu ya wale wa steji, unaamsha zote mbili kwa fujo."

"Ndiyo."

"Basi usikanyage kwa fujo. Na ya mkono usiiogope, ndiyo imewekwa hapo ya nini? Tumia zote. Lakini kamua."

Nilidhani nimesema jambo la wazi kabisa. Nikajaza maji tena. Tukaondoka, tukafika mwisho, nikamwambia kwa sauti, "Haya, kamua!" Akakamua. Jamani. Alikamua mpaka gurudumu la nyuma likalia, tukasimama tukiwa tumepinda, na safari hii maji yalinirudia mimi usoni.

"Nimesema ukamue!"

"Si nimekamua!"

"Umenyonga! Nani alikwambia unyonge?"

"Kukhu, kukamua si hivi?" Akanionyesha kwa mikono. Mikono miwili, hewani, inasokota blanketi iliyolowa kwa nguvu zote mpaka tone la mwisho.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo kicheko kilipoanza kunitafuta. Huyu mtoto amezaliwa hapa. Kukamua kwake ni kwa nguo, kwa beseni na kamba ya kuanikia. Hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe maishani mwake. Mimi nilikuwa nasema ng'ombe!

Nikamshika vidole viwili mbele ya kanisa, nikavikamua kama nilivyokuwa nakamua nikiwa msichana. "Ng'ombe hunyakui. Ukimnyakua anapiga teke, na ndoo inaenda. Unaanza pole, anajua umefika. Halafu unakaza, unazidi kukaza. Ukimaliza unalegeza, huachi ghafla. Mguu na mkono vyote vifanye hivyo."

"Kwa hivyo pikipiki ni ng'ombe."

"Wiki hii ni ng'ombe."

Mlangoni mama mmoja wa sauti ya juu akaitikia, "Moo!" Wakaangua kicheko tena.

Wiki nzima tukakamua. Nilimfundisha cha ng'ombe, naye akanifundisha cha pikipiki: aachilie mkono wa mafuta kwanza, usukani unyooke kabla ya breki, kwenye kona breki iwe imekwisha fanya kazi yake. Maji yakapungua kumwagika. Ijumaa alilegeza mwishoni kabisa, tukasimama bila hata helmeti yangu kuugusa mgongo wake. Nilimwambia, "Si mbaya." Alifurahi kuliko kama ningemsifu saa nzima.

Jumamosi nikatia uji, wa moto, mpaka ukingoni. Tulipopita steji vijana wakasimama.

"Shosh! Niaje! Leo unapaa?"

"Dada, ya mbele usiguse, itakutoa meno!" mwingine akamwambia mjukuu wangu.

"Meno yako yaliisha kwa miraa!" nikawajibu, na nikasikia mgongo wa mjukuu wangu unatetemeka. "Usicheke," nikamwambia. "Nina uji hapa."

Duka lilikuwa linaonekana, na yule mama amesimama mlangoni amekunja mikono, tayari kutazama. Mara mkokoteni wa maji ukachomoka kwenye kichochoro, mitungi imepangwa mpaka juu, mwenye mkokoteni akivuta ameinamisha kichwa asituone. Nilifungua mdomo nipige kelele ile ya "Kamua!", lakini mtoto alikuwa ameshaanza. Nilisikia mafuta yakiachiliwa. Pikipiki ikaanza kushika pole, ikazidi, ikazidi, uji ukapanda ukingoni mbele ukasimama pale kama unafikiria, na mimi nikafikiria pamoja nao. Halafu akalegeza. Uji ukarudi mahali pake. Mkokoteni ukapita mbele ya gurudumu, mwenyewe akatuona, akasema, "Shikamoo, mama," akaendelea.

Kicheko kikatoka. Sikukiita. Kilitoka tumboni kama kitu kilichofungiwa, nikacheka huku nimenyoosha jagi mbali na rinda, nikalia machozi, mjukuu wangu naye ameinama juu ya usukani anacheka, na wale wa steji huko nyuma wanapiga honi kama kuna arusi.

Mwenye duka akaja hadi barabarani. Akachungulia jagi. Akalizungusha, akatafuta michirizi, hakuna. Akanywa hapo hapo amesimama, bila kikombe.

"Jumatatu uje mapema," akamwambia mjukuu wangu. "Uvae koti la mvua."

Mtoto akageuka, macho yamejaa machozi. "Kukhu, shuka basi, nikusaidie."

"Nishuke niende wapi?" nikasema, nikairekebisha helmeti. "Nirudishe nyumbani. Na usipitie huku, pitia kule kwenye kiteremko."