Chumvi Natia Mimi

Kwa miaka mingi sheria ya jikoni kwangu ilikuwa moja tu: chumvi natia mimi. Wengine wamenye ndizi, waoshe mchele, wakaange samaki wa sato, wachochee moto, lakini mfuko wa chumvi unakaa kwenye aproni yangu. Kazi yetu ni kuwapikia watu kwenye sherehe, harusi na sendofu za kumuaga bibi harusi, hapa Mwanza na vijiji vya kando ya ziwa. Tuko kikundi cha watu wachache, na kiongozi ni mimi.

Sheria yenyewe haikuanza vibaya. Zamani, tulipokuwa bado tunajifunza kazi, sufuria ya maharage ilitiwa chumvi na kila aliyepita karibu nayo, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza. Nikasema basi, kuanzia leo mkono ni mmoja. Ilitusaidia. Lakini mimi ni kifungua mimba wa nyumba ya Kihaya, nimeanza kuamrisha wadogo zangu kabla sijang'oa meno ya utoto, na sheria ile nikaigeuza cheo. Mtu akichovya kijiko, namuuliza mbele ya wenzake nani kamwajiri kuonja. Walikuwa wakicheka, na mimi nikadhani wananiheshimu.

Siku ya sendofu moja pale Nyamagana niliamka na mafua mabaya. Chai ilikuwa maji ya moto tu mdomoni. Lilikuwa jambo la kusema mara moja likaisha: jamani, leo sisikii ladha, nionjeeni. Sikulisema. Niliona nikikiri kwamba ulimi wangu haufanyi kazi, watajiuliza nina kazi gani pale. Nikafunga aproni, nikaanza kutoa amri kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Supu ya pilau niliitia chumvi kwa mazoea. Kisha shangazi wa bibi harusi akaniita kunionyesha meza za chakula zitakapokaa, na niliporudi sikukumbuka kwamba nimeshatia. Nikaonja, sikusikia kitu, nikatia tena. Msaidizi wangu, mwanamke wa Kisukuma kutoka Magu ninayemtegemea kuliko wote, alikuwa pembeni na mwiko. Nilimwona akilamba supu kidogo kiganjani. Uso ukambadilika, akafungua mdomo. Nikamkazia macho. Akaufunga, akaendelea kukoroga.

Wageni walikula ndizi na samaki. Pilau ikabaki kwenye sahani, na maji ya kunywa yakaisha kabla ya keki. Shangazi alikuja nyuma ya ukumbi. Hakugomba. Alisema tu kwamba walikuwa wametuamini, akaondoka, na mimi nikatamani angenitukana.

Tulipokuwa tunaosha masufuria niliuliza, tena kwa ukali, kama kweli hakuna aliyeonja. Msaidizi wangu akasema alionja, na alijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikwambie wewe, dada?"

Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli hilo lingewezekanaje. Kisha akasema kwenye harusi tuliyokuwa tumeshaipokea kule Busisi atakuja, kwa kuwa alishaahidi, ila baada ya hapo anarudi Magu kufanya kazi yake mwenyewe. Wenzake waliendelea kusugua bila kuinua vichwa. Nikaelewa kwamba wameshalizungumza, na wa mwisho kujua ni mimi.

Niliumia. Na niseme ukweli, mwanzoni niliumia kwa hasira: si mimi niliyemfundisha? Ilinichukua muda kuiacha hasira hiyo na kukubali kwamba mafua hayakuharibu ile pilau. Watu wenye ndimi nzima walikuwa wameizunguka sufuria ile. Niliyewaziba midomo ni mimi, kwa kuogopa kuonekana nimepungukiwa. Sikutaka kumpoteza yule mwanamke. Tena sikutaka kubaki mtu ambaye watu wazima wanaona heri chakula kiharibike kuliko kumwambia neno. Nikaamua kwamba nitabadilika, nipende nisipende.

Nikawaita. Nilianza na habari za mafua, nikajisikia najitetea, nikaanza upya: nilijua sisikii ladha, nikawaficha, nilimwona mwenzenu anataka kusema, nikamnyamazisha. Kuanzia sasa kila sufuria itaonjwa na watu wawili, nao watasema wanachokisikia, mimi nikiwepo. Walishukuru kwa adabu. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Kila sufuria jibu lilikuwa "iko sawa, dada". Siku moja nikapika maharage bila chumvi hata punje, nikawapa waonje. Mzee wetu wa kukaanga samaki, mtu wa Ukerewe ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, alionja, akatazama pembeni, akasema iko sawa. Wote wakasema iko sawa. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Huwezi kutangaza kwa mdomo kwamba siku hizi hutishi. Watu wanangoja waone utafanya nini.

Ndipo nikaanza kazi yenyewe, ya kila siku na isiyopendeza. Wakati wa kuonja nilikuwa naweka karafuu mdomoni, naiuma, sisemi kitu mpaka wote wawe wamesema. Mtu akisita, nasubiri. Mmoja wa wamenya ndizi akasema mchuzi una tangawizi nyingi. Nilihisi jibu kali linanipanda kooni, nikalimeza. Kuna siku nilishindwa, nikafoka, na kesho yake nikaomba radhi mbele ya watu wale wale. Nilichukia kuomba radhi. Niliomba.

Siku ya harusi tukavuka daraja kwenda Busisi, masufuria yakiwa nyuma ya gari. Pilau nilimwachia msaidizi wangu, na mfuko wa chumvi nikamkabidhi. Mimi nikapika mchuzi wa sato, chakula ninachojivunia kuliko vyote. Mama wa bwana harusi alikuwa amesimama hapo hapo akinisifu, msaidizi wangu akaja, akachota kwa kijiko.

"Dada, huu haujakolea. Usiupakue bado."

Miiko yote ilisimama. Nikaonja, na kwa ulimi wangu, mzima kabisa siku hiyo, mchuzi ulikuwa sawa. Hilo ndilo lililokuwa gumu: sikukubaliana naye. Ningeweza kubishana, na pengine ningeshinda. Lakini nilijua nikishinda pale nimempoteza, na wale wengine hawatafungua midomo tena. Nikamwambia aurekebishe anavyoona, nikaenda kukata vitunguu vya kachumbari.

Mama wa bwana harusi akanifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwani mkubwa hapa ni nani. Nikamjibu mkubwa ni mimi, ila kwenye mchuzi leo ni yule.

Msaidizi wangu alisikia. Aliukamulia mchuzi ndimu, akaonja tena, kisha akatupa jicho kwenye ubao wangu na kusema vitunguu vyangu ni vinene, wazee watashindwa kuvitafuna. Nikavikata upya.

Jioni, tulipokuwa tunapakia vyombo, aliniuliza sherehe ijayo ni lini. Sikumkumbusha kwamba alisema anaondoka. Akaongeza kwamba mchele wa sherehe hiyo ataufuata mwenyewe kwao Magu, kwa sababu huu ninaonunua mimi si mzuri, na siku zote alikuwa anashindwa aniambieje. Mchele huo nimewapikia watu miaka yote. Nikamwambia aulete.