Pindo la Shati Ukutani

Katika kambi ya kuwinda ya akina Kratzer, anayempiga kulungu risasi akamkosa hukatwa pindo la shati. Kitambaa huandikwa jina na mwaka, kikapigiliwa ukutani juu ya jiko. Miaka kumi na tisa tangu aolewe, Marlene hakuwahi kukatwa.

"Leta mgongo, shemeji!" Galen, mdogo wa mumewe, alichezesha mkasi. "Bunduki ya kuungaunga huua theluji tu!"

Marlene ni mashoto, na bunduki zote za duka la mjini zilikuwa na komeo la kupakia risasi upande wa kulia. Kwa hiyo majira mawili ya baridi, akishakamua ng'ombe, alikaa ghalani akiunda yake. Mtutu aliununua, kitako alikichonga kwa mti wa jozi ulioangushwa na upepo kwao, akikipima begani hadi kikamkaa sawasawa. Galen alinunua yake dukani, kazi ya dakika ishirini.

Asubuhi hiyo dume la kulungu lilisimama ubavu wazi, hatua mia. Marlene akalikosa.

"Hukati kitu kabla sijapiga karatasi ya shabaha," alisema. "Juzi ilikuwa inapiga katikati."

"Visingizio!"

Marlene akamgeukia mkwe wake, Mzee Irvin, mwenye kambi. "Baba, risasi tatu tu."

Mzee akaweka chini bakuli la supu. "Tatu. Ukishindwa, nakata mwenyewe."

Nyuma ya kibanda, Marlene aliegemeza bunduki juu ya gunia, akapiga. Risasi zote zilikwenda kulia, shubiri mbili kutoka kwenye alama, lakini matundu yalibanana kiasi cha kufunikwa na kizibo cha soda.

"Bunduki mbovu hutawanya risasi," alisema mzee taratibu. "Hii haitawanyi. Kuna mtu kazungusha skrubu ya darubini ya kulengea."

Galen akacheka, peke yake. "Jamani, si utani tu wa jana!"

"Utani?" Marlene alimsogelea. "Ningemvunja kulungu taya akafe njaa msituni, ungecheka? Ulitafuta kosa kwenye kazi yangu, hukuliona, ukalitengeneza!"

Akamnyang'anya mkasi. "Geuka."

"Shemeji, shati jipya hili..."

"La dukani? Utapata jingine."

Galen alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameshashika nyundo na msumari.

Marlene alikata hadi karibu na kola. Juu ya kitambaa aliandika: *Galen. Aligusa bunduki ya mtu.* Kisha akarudi nje kuirekebisha darubini, meno yameumana, na hakuna aliyethubutu kumfuata.