Vitalis na Mbwa Aliyewapisha Watu

Mdogo wangu Vitalis alikuwa mtunza kanisa pale Lulindi. Alifagia, akapiga kengele, akazibua mifereji wakati wa mvua, kisha akaenda kwenye mikorosho yake kama watu wengine. Mke wake alifariki mapema na Mungu hakuwajalia mtoto. Nyumbani alibaki na mbwa dume, mwenye rangi ya udongo, aliyempa jina Sinaneno. Wapo wanaowapa mbwa majina ya kuwasema majirani. Yeye alichagua jina la kukaa nao vizuri.

Habari ya kamba ilianza Ijumaa moja. Njia ya kutoka kwake kwenda kanisani ndiyo hiyo hiyo wanayopita Waislamu kwenda msikitini, nyembamba, majani huku na huku. Mzee Abdulrazaki alikuwa amekwisha kutawadha, Sinaneno akamkimbilia na kumpangusia pua yake yenye majimaji kwenye kanzu. Mzee hakufoka. Alirudi kwake, akabadili nguo, akatawadha upya, akaikosa swala ya jamaa. Jioni Vitalis alinipigia simu huku Makote, Newala, nilikoolewa.

"Dada, bora angenitukana," aliniambia.

Akasuka kamba ya katani, akamshonea mbwa mkanda wa shingoni kwa ngozi ya kiatu kikuukuu, akaanza kumfundisha. Mbwa akivuta, yeye anasimama kimya mpaka kamba ilegee, ndipo wanaendelea. Akienda vizuri, anapewa kipande cha muhogo wa kuchoma. Kijiji kizima kilicheka.

"Vitalis, mbuzi huyo unampeleka mnadani?"

"Ndiyo."

"Mbona hana pembe?"

"Amekuazima wewe."

Alimfundisha neno moja kubwa: "Pembeni." Akitokea mtu njiani, Vitalis analitamka kwa sauti ya chini, na Sinaneno anaingia kwenye majani, anakaa, mpaka mtu apite. Wale waliocheka wakaanza kumsalimia mbwa kwa jina.

Kisha miguu ya Vitalis ikavimba, akashindwa kutembea. Jirani yake, mwalimu Careen, binti kutoka Rombo aliyepanga nyumba ya pili, akaomba awe anamtembeza mbwa baada ya vipindi. Vitalis alikaa kizingitini akimwelekeza kwa sauti. Siku moja akaniambia kwenye simu, kwa furaha kabisa, "Dada, mwalimu ana mkono na mbwa, anamtuliza kuliko hata mimi."

Ile simu niliishika mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata. Mama yetu alipofariki, Vitalis nilimbeba mimi mgongoni. Nilimtafunia chakula. Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akiniambia nina mkono na kitu chochote. Leo amepata mkono mtu aliyekuja juzi na begi la magurudumu!

Mungu alimchukua wakati mabibo yanaanza kuiva. Tulipomaliza matanga, wazee wa ukoo waligawa vitu vyake: baiskeli kwa huyu, redio kwa yule. Mimi nikasema namtaka mbwa. Wakatazamana.

"Mbwa, Mama January?"

"Mbwa."

Mikono ya mdogo wangu ilikuwa imebaki kwa yule mnyama, na sikutaka abaki na mwalimu.

Nilikwenda kumchukua asubuhi. Careen alitoka na kamba mkononi, macho yamevimba.

"Shikamoo, Mama January."

"Marahaba. Nimefuata mbwa wetu."

Alinipa bila kubisha, na hilo nalo likaniudhi. Angalau angebisha. Sinaneno alinifuata vizuri mpaka katikati ya njia. Mbele alikuwa anakuja Mzee Abdulrazaki na kanzu yake nyeupe. Mbwa akaingia kwenye majani, akakaa. Nikavuta. Akajikaza. Nikavuta kwa nguvu, akalala chini kabisa. Pikapu ya binamu yangu Fortunatus ilikuwa inapiga honi barabarani. Careen alikuwa amesimama mlangoni kwake, anatazama. Nilihisi kwamba mbwa ananikataa mbele yake, kwamba anamtaka yule. Machozi yakanitoka.

"Shikamoo, Mzee," nilisema. "Utanisamehe, mbwa huyu ana kiburi."

"Marahaba, mwanangu. Kiburi hana." Mzee alikuwa amesimama mbali, ameshika pindo la kanzu. "Yeye amekwisha kunipisha. Wewe ndiye uliyesimama katikati."

"Mimi?"

"Marehemu alikuwa anaingia naye kwenye majani. Wanasimama wote wawili. Mtu akishapita, ndipo wanatoka. Sasa huyo atatokaje na mimi sijapita?"

Vitalis hakuwahi kunieleza hilo. Pengine aliona ni jambo dogo mno, kwamba naye alikuwa anaiacha njia pamoja na mbwa wake. Nikaingia kwenye majani yenye umande, nguo zangu za msiba zikalowa mpaka magotini. Mzee akapita, akasema, "Mungu ampe pumziko." Kamba ikalegea yenyewe. Sinaneno akainuka, akaja kando ya mguu wangu, tukaenda mpaka kwenye pikapu bila kuvutana.

Sikugeuka nyuma. Fortunatus ndiye aliyesema, "Mwalimu analia pale." Nami nikasema, "Washa gari."

Nimelipeleka hili la mwalimu kwa Mungu katika sala, na bado sijapata moyo mwepesi. Kila jioni namtembeza Sinaneno hapa Makote. Akitokea mtu tunaingia kwenye majani, tunasimama, anapita. Juzi jirani yangu Faudhia alisimama akashika kiuno.

"Mama January, mbwa ana adabu kushinda wanangu! Nani kamfundisha?"

"Mdogo wangu Vitalis."

"Peke yake?"

"Peke yake," nikamjibu, nikaikunja kamba mkononi, tukaendelea na safari.