Mwamba Uliofunguliwa kwa Kalenda

Nilikwenda pwani kuwafundisha watu habari za bahari, na kuogelea sijui. Nalisema mapema ili asije mtu akanisema kabla yangu. Mimi ni mtoto wa Nyangamara, kwa wakulima. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, tulipopelekwa Lindi kwenye mashindano ya michezo, na ninachokumbuka siku ile ni chumvi machoni. Lakini nilisoma, nikapata cheti, na mradi mmoja ukaniajiri nipite vijijini nikieleza kwa nini bahari inachoka na hali ya hewa inageuka. Nikapewa kipaza sauti, fulana mbili na mkoba wa picha.

Picha zenyewe zilikuwa nzuri: matumbawe yenye rangi zake, halafu matumbawe yaliyopauka mpaka yakawa meupe kama mifupa. Nilikuwa nikizinyanyua juu, namwaga maneno yangu ya mabadiliko ya tabianchi, na wanawake wamekaa mkekani wananisikiliza. Watu wa pwani wana adabu ya kumsikiliza mgeni hata anapowafundisha jina la mama yao wenyewe. Mimi niliichukua adabu ile nikadhani ni kuelimika.

Kijiji nilichokaa muda mrefu hakiko mbali na Mchinga. Jina lake silitaji. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, aliyekuwa akichokoa pweza tangu usichana wake. Nilimwita Bibi. Yeye aliniita mwalimu, na siku akinikasirikia aliniita mwanangu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Bahari inapokupwa sana, mwamba unabaki wazi, na wanawake wanautembelea kwa miguu, kila mmoja na chuma chake kirefu, wanachungulia tundu moja moja. Pweza hakai kimya. Akila, anatupa makombe ya chaza mlangoni, na mwenye kujua kusoma uchafu ule anamkuta ndani. Wanaume wao wana mashua na miwani ya kuzamia, kwa hiyo maji yawepo au yasiwepo, wanafika. Mwanamke anamsubiri Mungu aiondoe bahari.

Yale niliyoyahubiri mengi nimeyapata kwake. Siku moja aliniambia kuwa zamani walikuwa wakisimama kwenye vidimbwi vya mwambani mpaka maji yanarudi. "Sasa hivi ikifika saa tano, kidimbwi kinakuunguza vifundo," alisema. "Pweza naye ana ngozi kama wewe. Utakaa ndani ya sufuria?" Akanionyesha mwani wa jirani yake, uliokuwa umelainika ukakatika kambani kwa joto. Kwetu nako mama alikuwa akinipigia simu kulalamika kwamba mvua za kupandia zimekuwa za kubahatisha. Niliyaunga yote mawili, nikayasema mkutanoni kwa kipaza sauti, wala sikusema nani kanipa.

Mradi ulikuwa na shauri: tufunge mwamba mmoja kwa miezi mitatu, asiguse mtu, pweza wakue na wazae, kisha tufungue. Bahari yenye joto haiwezi kupoozwa na kijiji, tulisema, lakini kijiji kinaweza kuipa nafasi ya kupumua. Wanawake walikataa. Mmoja akauliza, "Miezi mitatu hiyo tutakula picha zako?" Wakacheka, na mimi, ambaye hasira zangu ziko karibu, nikaanza kujibu mambo ya ajabu.

Bibi ndiye aliyeniokoa. Alisimama akasema kwamba yeye ameshika chuma miaka mingi kuliko wote pale, na kila mwaka anatembea mbali zaidi kumpata pweza mdogo zaidi. "Siye ndio tuliomaliza, na jua linatusaidia kumaliza," alisema. "Mie nafunga. Anayeniamini afunge na mie." Wakafunga. Nataka ieleweke vizuri: hawakufunga kwa ajili ya picha zangu, walifunga kwa neno la yule mama.

Miezi mitatu ile aliishi kwa kusuka ukili wa mikeka na kwa muhogo. Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Lakini mwezi wa pili, mke wa mwanawe wa pekee aliingia mwambani. Alikuwa na mtoto mchanga na mume aliyekwenda Dar akanyamaza. Alitoka na pweza mmoja ndani ya kikapu, amemfunika kwa majani. Bibi alimkuta njiani, akamtoa yule pweza mbele ya watu wote, akampeleka pweza huyo kwenye kamati ya pwani iliyolinda mwamba, kama ilivyokubaliwa. Mkwewe alilia pale pale barabarani. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mama mkwe, wala mjukuu hakuletwa. Bibi aliniambia, "Mwamba ukifunguliwa nitamjazia kikapu, ataelewa." Alilisema hilo zaidi ya mara moja.

Basi ikafika habari ya kupanga siku ya kufungua. Mimi nimelelewa katika nyumba yenye kalenda ya parokia ukutani. Kwetu siku ni Jumapili, na zilizobaki zinahesabiwa kutoka hapo. Tulikaa ofisini, tukatafuta Jumamosi ambayo mgeni rasmi ana nafasi, tukaipata, tukaizungushia wino. Barua zikatoka na muhuri. Nilirudi kijijini nimefurahi kama mtu aliyepata hati ya shamba.

Bibi alikuwa barazani anasuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamsomea barua. Aliweka ukili chini, akahesabu kwa vidole, midomo inamcheza. Halafu akasema, "Siku hiyo mwezi utakuwa wa siku nane. Maji mafu hayo, mwalimu. Mwamba hautaonekana."

Maji mafu nilikuwa nimeyasoma. Nilijua kwamba mwezi ukiwa mchanga au mpevu kuna bamvua, bahari inakwenda mbali, na katikati yake inakwenda kidogo tu. Nilijua kama mtu anavyojua jina la mji asiowahi kufika. Nikamwambia, "Si maji yanatoka kila siku, Bibi? Nayaona." Akasema yanatoka, lakini hayafiki mwambani, na tena saa nne asubuhi siku hiyo yatakuwa yamejaa. "Sogezeni mbele juma moja tu," alisema.

Nilikuwa nimechoka, nimetoka juani, na barua ishirini zimeshagawiwa. Nikamjibu, "Bibi, mgeni rasmi hafuati mwezi."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Alinitazama kidogo, akaokota ukili wake, akasema, "Haya, mwanangu." Kwetu mtu mzima akikwambia haya, amekubali. Pale haya ile ilikuwa mlango unafungwa, na mimi nikapita nje yake nikienda kuoga.

Wanaume wa kamati niliwasomea barua ile ile. Hakuna aliyehesabu kwa vidole. Mmoja alisema siku ni nzuri sana, na wenzake wakaitikia. Baadaye nilielewa kuwa hawakunidanganya. Kwao siku ilikuwa nzuri kweli.

Jumamosi ikafika na maturubai yake, viti vya kukodi, ngoma na mgeni rasmi mwenye miwani myeusi. Wanawake walikuja wamevaa kanga mpya, vikapu mikononi na vyuma begani. Mkwewe Bibi alikuwepo, amesimama kando na mtoto mgongoni. Hotuba zikaisha saa nne na robo. Bahari ilikuwa imejaa, inameremeta, imefika karibu na maturubai. Mwamba uko chini yake mahali fulani.

Mgeni rasmi akatangaza kwamba mwamba umefunguliwa. Mashua zikaondoka, za kijijini na za watu wa vijiji vingine waliosikia habari. Wanaume waliruka majini na miwani yao, wakawa wanaibuka na pweza wakubwa ambao sikuwahi kuona mfano wao. Mgeni rasmi alishikishwa mmoja, akapigwa picha, mikono yote minane inamzunguka mkono wa shati. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa naona kitu tulichokisema kimetokea.

Kisha nikageuka. Wanawake walikuwa wamekaa mchangani, safu ndefu, wanatazama. Walikaa hivyo mpaka maturubai yanafungwa, mpaka gari la mgeni linaondoka. Saa kumi maji yalipunguka kidogo, Bibi akainuka, akafunga kanga yake kiunoni akaingia. Nilimwona akienda mpaka maji yanamfika kifuani, anapapasa kwa mguu chini, chuma kinatafuta tundu kwa kubahatisha. Wimbi lilimsukuma akayumba. Alirudi amelowa maji, kikapu kitupu, akapita mbele ya mkwewe na mbele yangu bila kututazama.

Wiki nzima mashua ziliendelea. Mnunuzi alikuja na maboksi yake ya barafu kutoka Lindi, akarudi kesho yake na keshokutwa. Bamvua ilipofika, mwamba ukatoka wote, mpana, mweusi, unatiririka maji. Siku hiyo nilikwenda na wanawake, kwa mara ya kwanza tangu niitwe mwalimu wa bahari. Makombe yalikuwa bado yamelala milangoni mwa matundu, na ndani hamna kitu. Tulitembea mpaka kidimbwi kikaanza kuunguza vifundo kama alivyoniambia. Bibi alipata mmoja, kiasi cha kukaa kiganjani.

Alikwenda na pweza yule mmoja mpaka kwa mkwewe, mimi nyuma yake. Mkwewe alimtazama yule pweza, wala hakumpokea. Akasema taratibu, "Mie ulinivua nguo barabarani kwa pweza mmoja. Wenye mashua umewatunzia mwamba mzima." Akaingia ndani. Bibi akabaki mlangoni, pweza anajisokota kwenye vidole vyake.

Nilimwomba radhi jioni ile. Nilimwambia kosa ni langu, lote, na nitalisema mkutanoni. Akajibu, "Nimekusamehe, sina kinyongo. Lakini wewe utahama. Mie nitabaki na hawa." Nililisema kweli mkutanoni, kwa kipaza sauti kile kile, tulipoitwa kuamua kama mwamba ufungwe tena. Nilieleza kwamba Bibi alinionya na mimi nikampuuza, na kwamba safari hii tarehe watapanga wao wenyewe kwa mwezi wao. Walinisikiliza kwa adabu ile ile. Mwenyekiti akaomba mikono ya wanaotaka kufunga. Kila mwanamke alimtazama Bibi, na Bibi aliendelea kusuka ukili wake, kichwa chini. Hakuna mkono ulioinuka, na mwamba haukufungwa.

Katika vijiji vingine wanafunga na kufungua kwa bamvua, na wanawake wanajaza vikapu. Nimeviona vikapu hivyo na vinanifurahisha kweli. Mradi unaandika kwamba tumejifunza. Sikatai.

Mwaka jana nilipita tena kule, nikamfuata Bibi mwambani asubuhi. Alikuwa anachokoa peke yake, mbali na kundi. Akanikaribisha vizuri tu, akaniuliza habari za mama yangu na mvua za Nyangamara. Tukiwa tunaongea akaingiza chuma kwenye tundu, akatoa pweza mchanga kabisa, asiyetosha hata mchuzi wa mtu mmoja. Yule mama aliyesimama mbele ya kijiji kizima kuwatetea pweza wadogo alimshika, akamgonga mwambani mara mbili, akamtia kikapuni.

Nadhani aliuona uso wangu. "Nikimwacha," alisema, "kesho atakuwa wa mwenye mashua."

Nilikuwa na mkoba wa picha begani. Nikamshikia kikapu, tukaendelea na tundu lililofuata.